Mshereheshaji Tuliyemfunika Bango

Nimestaafu unesi, nafuga kuku Nyegina, na mtu akishastaafu anaruhusiwa kusema. Nilipokuwa kazini nilikuwaga nayasemea kwenye mashuka wakati natandika vitanda, maana mashuka hayapeleki maneno wilayani. Leo nawaandikia nyie vijana, hasa mnaoanza kazi za afya, na nyie wa bodaboda na wa mitumbwi ambao ndio mnaotuleteaga wagonjwa. Nataka niwaambie kuhusu watu wanaokufa kwa kuzidisha dawa, na jinsi tulivyojifunza kuwazuia wasife, kwa kuchelewa na kwa aibu nyingi. Nimefanya kazi Musoma mjini, nimefanya Butiama, lakini haya yalitokea kwenye kituo kimoja cha afya kando ya ziwa upande wa Bunda, ukiwa unaelekea Kibara. Kituo chenyewe sikitaji. Wengi niliofanya nao kazi bado wako hai na wana simu.

Nianze na maziwa.

Mtu akizidisha dawa, watu wetu wanatafuta maziwa. Sijui nani alianzisha. Amekunywa sumu ya panya, maziwa. Amemeza vidonge, maziwa. Mtu ameshindwa hata kumeza mate yake mwenyewe, lakini anategemewa ameze kikombe kizima, na anayemnywesha analalamika kwamba mgonjwa ni mbishi. Yale maziwa yanaingia kwenye mapafu. Butiama ndiko nilikoyaona zaidi, kwa sababu kule ng'ombe wako karibu na huruma ni nyingi. Wengine wanammwagia maji ya baridi. Wengine wanamtembeza: wanaume wawili wanamshika makwapani, wanazunguka naye uwanjani kama wanamfundisha kucheza harusini, na miguu yake inaburuta nyuma.

Halafu kuna ile tiba kubwa kuliko zote, ambayo haihitaji ng'ombe wala maji. Ni kusema, "Mwacheni alale, akiamka atakuwa sawa." Hiyo ndiyo imeniulia watu wengi, na inasemwaga kwa upendo kabisa.

Kule ziwani dawa yenyewe haikuwa ya kutisha kuiangalia. Nyie mkisikia dawa za kulevya mnawaza unga na sindano. Kwetu ilikuwa trama, yaani tramadoli, kidonge cha maumivu makali tunachompaga mtu aliyetoka kupasuliwa. Anayevuta nyavu za dagaa usiku kucha mgongo unamuuma. Anameza trama ili mgongo unyamaze. Anashushia na gongo, ile pombe kali ya kienyeji, ili baridi nayo inyamaze. Asubuhi kila kitu kimenyamaza, na ukikaa vibaya, pumzi nazo zinanyamaza.

Ndivyo alivyokufa Bwire. Alikuwa fundi wa injini za mitumbwi, mtu wa utani, ndiye aliyekuwa anakuja kututengenezea jenereta ya kituo na kuilaumu kama mke mkorofi. Mgongo wake aliuumiza akibeba injini. Siku moja wenzake walimkuta hazinduki, wakampakia kwenye bajaji wakamleta mpaka getini kwetu. Wakamlaza kwenye benchi la nje. Kisha wakaondoka.

Msiwalaumu haraka. Kule chini kwenye mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, ilikuwa inajulikana kwamba ukimleta mtu aliyelewa dawa kituoni, nesi anapiga simu polisi. Sikuwahi kupiga hata mara moja, lakini habari hiyo ilikuwa na nguvu kuliko mimi. Na getini tulikuwa na mlinzi wetu, mzee Wandwi, mtu mwema sana, ila ukimpa kofia na fimbo anakuwa hakimu. Kanywa nini? Kanunua wapi? Nani kamuuzia? Wewe ni nani yake? Mtu aliyekuwa amemeza kidonge kilekile hakutaka kusimama mbele ya maswali hayo.

Basi Bwire akabaki kwenye benchi. Mzee Wandwi alimwona, akajua ni mlevi anapumzika. Alimsikia anakoroma, akafurahi kwamba angalau amepata usingizi. Nilipotoka nje kumwaga maji nikamkuta. Alikuwa bado wa moto. Tulijaribu, hatukuweza. Nilichokiona, na ambacho hakijanitoka, ni kwamba mmoja wa wale wenzake alikuwa amevua shati lake na kulikunja vizuri chini ya kichwa cha Bwire. Walimpenda. Na ule mto wa shati ulikuwa umemkunja shingo, ukaziba njia ya hewa.

Kwa hiyo hapa niwape kazi yenu mapema. Kukoroma kule kuzito, kwenye mtu ambaye ukimwita haitiki, siyo usingizi. Mwite kwa sauti. Msugue kifuani kwa vifundo vya vidole, kwenye mfupa wa katikati, umsugue kweli mpaka mtu mzima angekutukana. Asipokutukana, hiyo ni hatari. Mwangalie midomo kama imekuwa ya kijivu, mfunue jicho uone kama mboni imekuwa ndogo kama tundu la sindano. Mlaze chali bila mto, inua kidevu kichwa kirudi nyuma, bana pua, mpulizie pumzi mdomoni mpaka kifua kiinuke, ngoja kidogo, mpulizie tena, na mmoja wenu awe ameshakimbilia msaada. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu ili akitapika matapishi yatoke nje. Halafu usimwache.

Baada ya mazishi ya Bwire, kata nzima iliumia. Na kwetu kata ikiumia inaunda kamati.

Mwenyekiti wa kamati akawa mzee Manyama, mwenye duka la mabati na misumari na mtumbwi wake ziwani, mtu wa heshima na wa suti. Mimi niliingizwa kama mtaalamu. Kikao cha kwanza kilijadili rangi ya fulana. Cha pili nikapewa nafasi ya kusema, nikasema mambo yangu: wanaoleta wagonjwa wasihojiwe getini, twende mwaloni tukawafundishe watu kupuliziana pumzi, na kituo kiwe na naloksoni, ile sindano inayomwamsha mtu aliyezidisha dawa za jamii ya trama.

"Mama nesi," akasema mwenyekiti, "hayo ni ya kitaalamu sana. Tutayaweka kwenye mengineyo."

Kama hamjawahi kukaa kwenye vikao, mengineyo ni pale mwisho wa ajenda, wakati watu wameshafungua soda.

Soda zikafunguliwa, nikayarudia. Mzee Manyama akafikiri, akasema, "Lakini mama, tukiwafundisha kuokoana si tutakuwa tumewapa ruhusa ya kunywa?"

"Mzee, kwenye mtumbwi wako una jaketi la kuokolea?"

"Ninalo."

"Linakupaga hamu ya kuzama?"

Wajumbe wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka kidogo, akasema hilo nalo liende mengineyo ya kikao kijacho.

Lakini tulikuwa na daktari kijana anaitwa Magesa. Huyo alikuwa tabibu wetu, ndiyo kwanza ametoka chuo, na hakuwa amejifunza bado kwamba mambo yanachukua muda. Akaenda Musoma, akahangaika kwenye ofisi za mkoa, akarudi na vichupa vichache vya naloksoni. Tukavipokea kama tumepokea mgeni. Mfamasia akavifungia kabatini, akaweka ufunguo mfukoni, kwa usalama.

Sasa niwaambie kuhusu uzinduzi.

Kamati iliamua kampeni izinduliwe kwenye uwanja wa shule ya msingi, na mgeni rasmi, na kwaya, na mahema. Mabango yalichapwa mawili, kwa sababu la kwanza lilikosewa. Lilitakiwa kusema KATA YETU BILA DAWA ZA KULEVYA INAWEZEKANA. Mchapaji akaruka maneno mawili, likaja limeandikwa KATA YETU BILA DAWA INAWEZEKANA. Mwenyekiti alikasirika sana. Mimi nilisema lisitupwe, maana kituo chetu kilikuwa kimeshalithibitisha hilo mara nyingi. Hakucheka. Likakunjwa likawekwa nyuma ya hema, likachapwa lingine.

Mshereheshaji alikuwa Mafuru. Vijana wa Bunda mnaomkumbuka mnajua ninamsema mtu wa aina gani: harusi, minada ya ng'ombe, mikutano, popote penye kipaza sauti. Wiki ile alikuwa ameanguka na pikipiki, kiuno kinamuuma. Baadaye alituambia mwenyewe kwamba asubuhi ile alimeza trama ili asimame vizuri, akaongeza nyingine ili asimame vizuri zaidi, akapita kwa mtu akapata gongo kidogo ili sauti ifunguke. Kisha akaja kutuongoza kupinga dawa za kulevya.

Mgeni rasmi alichelewa. Kwaya ikaimba nyimbo zake zote, ikaanza upya. Kila baada ya wimbo Mafuru anasema, "Mgeni wetu yuko njiani." Mwanzoni anasema kwa mbwembwe. Baadaye anasema taratibu. Baadaye ikawa, "Mgeni... wetu... yuko...," na watu wanavunjika mbavu, wanajua anaigiza gari linavyopanda mlima. Mwisho akakaa kwenye kiti, kidevu kikashuka kifuani, kipaza sauti kikiwa mapajani. Akaanza kukoroma. Spika zile kubwa zikatuletea mkoromo uwanja mzima. Watoto wa shule walicheka mpaka wakalala chini.

Mimi nilikuwa hema la mbali, la wataalamu. Niliusikia ule mkoromo nikautambua. Nikasimama. Wakati napita katikati ya viti, nikaona mwenyekiti amewapa ishara vijana wawili, wakambeba Mafuru na kiti chake nyuma ya hema kuu. Gari la mgeni rasmi lilikuwa limeonekana kwenye kona. Nilipofika huko nyuma wale vijana walikuwa wameshaondoka, na Mafuru alikuwa amelazwa chini kwenye majani. Ili asionekane, na jua lisimpige, walikuwa wamemfunika lile bango lililokosewa. KATA YETU BILA DAWA INAWEZEKANA, na viatu vinachungulia chini.

Nikalifunua. Midomo ilikuwa ya majivu. Kukoroma kulikuwa kumeisha, na nyie msifurahi mkoromo ukiisha. Nikamsugua kifua, hakunitukana. Nikampigia Magesa kelele, nikapiga magoti, nikainua kidevu, nikaanza kumpulizia.

Mzee Manyama akatokea, suti imenyooka. "Mama nesi, mgeni anashuka kwenye gari. Tafadhali punguza."

Nikainua kichwa. "Nipunguze nini?"

"Hiyo... kumbusu. Kwaya inaangalia."

"Mzee, huyu hapumui."

"Amechoka tu. Amesimama tangu asubuhi."

"Piga goti hapa. Shika taya hivi. Weka mkono wako mbele ya pua yake, uniambie unasikia nini."

Sijui kwa nini alitii. Labda kwa sababu sikusema shikamoo. Akapiga goti na suti yake, akashika taya, akaweka mkono. Nikaona uso wake unabadilika.

"Hamna kitu," akasema. "Mama, hamna kitu hapa."

"Ndiyo. Shikilia hivyohivyo, usiachie."

Nikaendelea kupuliza. Magesa akaja, akaona, akakumbuka naloksoni, akakumbuka ufunguo. Mfamasia alikuwa ameketi nyuma kabisa ya kiti cha mgeni rasmi, na ilikuwa imeshatangazwa kwamba mgeni akishaingia mtu yeyote asitembeetembee. Magesa akaenda ameinama, akapita mbele ya meza kuu wakati watu wote wamesimama, akamwonyesha mfamasia kwa kidole. Mfamasia akadhani anatambulishwa. Akajiweka sawa koti, akapunga mkono pande zote mbili, na uwanja ukampigia makofi. Ikabidi Magesa amfuate mpaka kitini na kumtolea ufunguo mfukoni kama mwizi. Kisha akarukia bodaboda kwenda kituoni.

Huko nyuma mimi nilikuwa naishiwa. Mwambieni mtu yeyote kwamba kumpumulia mtu mzima ni kazi ndogo, halafu mwombeni ajaribu. Mzee Manyama alikuwa bado ameshika taya, jasho linamdondokea Mafuru usoni. Mbele ya hema tukasikia wanamwita. Mwenyekiti wa kamati, karibu umkaribishe mgeni. Wakaita tena. Hakuinuka.

"Mbona hapumui mwenyewe?" akaniuliza. Sauti haikuwa ile ya kikaoni. "Mama, atapumua?"

"Tunampumulia sisi. Pokea wewe nipumzike kidogo."

Akapokea. Mzee Manyama wa mabati alimpulizia Mafuru pumzi nyuma ya hema, kwaya ikiangalia, na hakuna aliyemwambia apunguze.

Magesa akarudi. Akamchoma sindano kwenye paja, juu ya suruali, hakuna muda wa kuvuliana. Tukaendelea kupuliza, tukingoja. Kisha Mafuru akakohoa, akavuta hewa moja ndefu ya kelele kama mtu anayetoka chini ya maji. Akafungua macho. Akamtazama mwenyekiti aliyekuwa juu yake, akasema, "Mgeni rasmi amefika?"

Halafu akatapika kwenye suti.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo wengi wanakosea. Mafuru alisimama, akasema yuko mzima, anataka kipaza sauti. Mtu aliyeamshwa na naloksoni anaweza kuamka na hasira na nguvu, na ndugu wanasema amepona, wanaenda naye nyumbani. Ile sindano inaisha mapema kuliko vidonge. Ikiisha, vidonge vinarudi kazini. Na gongo lenyewe haliijui naloksoni. Kwa hiyo tulimkatalia, tukampeleka kituoni akitutukana njia nzima. Akapewa kitanda, akakaa anawachekesha wagonjwa wenzake. Mchana, katikati ya hadithi moja ya mnada, maneno yakaanza kupunguza mwendo tena. Wagonjwa walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa nimeshafika na sindano ya pili. Angekuwa nyumbani, angekuwa amelala vizuri tu.

Taarifa rasmi ilisema uzinduzi ulifana na mshereheshaji alipatwa na uchovu. Mgeni rasmi aliondoka akisifu kata isiyo na tatizo. Hotuba yake aliisoma mbele ya kiti kitupu cha mwenyekiti, na wapambe wake walinung'unika kwamba wenyeji hawana adabu.

Lakini kikao kilichofuata, mzee Manyama aliingia bila suti. Akakaa, akafunua karatasi ya ajenda, akaigeuza chini. Akasema, "Leo tuanze na mengineyo. Mama nesi, sema tena yale yako."

Nikasema. Hakuna aliyefungua soda.

Mzee Wandwi aliambiwa getini aulize swali moja tu, kanywa nini, basi, na afungue geti huku anauliza. Ilimuuma kama amestaafishwa, lakini alizoea. Ufunguo wa kabati ukaanza kubaki kituoni hata mfamasia akisafiri. Mwaloni tulifundishia kwenye gunia la dagaa, tukalichorea uso, na wanaume wenye vifua kama milango walikuwa wanaona aibu kulipulizia. Mafuru ndiye aliyevunja aibu hiyo. Alipopona alienda mnadani, mbele ya umati, kati ya ng'ombe mmoja na mwingine, akasema kwenye kipaza sauti, "Mimi nimeshafunikwa bango nikiwa hai. Aliyenipa pumzi ni mwenyekiti Manyama, na alikuwa amekula vitunguu. Ukimwona mwenzako anakoroma haitiki, usimwache alale. Mpulizie, mlete kituoni, na ukae naye. Hawapigi simu polisi, mimi wangenipigia wa kwanza." Watu walicheka sana. Kisha wakaja kuuliza.

Wako waliokufa hata baada ya hapo, sitawadanganya. Waliokuwa peke yao, hao walitushinda. Ndiyo maana nasema kama mtu umeshindwa kuacha, basi angalau usijifungie mlango.

Karibu na kustaafu kwangu, asubuhi moja, bajaji iliingia getini na honi imeshikiliwa. Mzee Wandwi alikuwa ameshafungua. Nyuma kulikuwa na mvuvi mmoja kijana, nguo zimelowa, amejaa magamba ya dagaa, amepiga goti mahali ambapo mtu hawezi kupiga goti, anampulizia mwenzake. Dereva akasema ameanza hivyo tangu walipotoka upande wa Kibara. Nilimwambia aache, tumefika. Hakunisikia. Ikabidi nimshike bega nimvute.

"Ni trama na gongo," akasema kabla sijauliza. "Tumekunywa wote. Mimi ndiye niliyevinunua."

Magesa akamchoma sindano yule mwenzake. Akapumua. Tukamlaza ubavu. Nilipogeuka nikamkuta yule kijana amekaa sakafuni kando ya kitanda, mkono wake uko mgongoni mwa mwenzake, unapanda na kushuka.

Nikamuuliza, "Mbona hujaondoka? Wenzio zamani walikuwaga wanaondoka."

"Niende wapi, mama? Nikiondoka nitajuaje kama bado anapumua?"

Nikachota kikombe cha uji nikampa, na alipomaliza kunywa nikamwambia ainue uso, nimulike na yeye macho.